Bibi Tutakupigia

Pale kiwanda cha magodoro, jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote, kuanzia wakata sponji hadi mlinzi wa getini, walimwita Bibi Tutakupigia, tena mbele yake, bila soni. Tuseme kweli, jina alijitafutia mwenyewe. Miaka sita alikuwa karani wa ajira, na kila aliyetoka kwenye usaili alimsindikiza hadi mlangoni kwa neno hilohilo: "Tutakupigia." Loo! Waliopigiwa walihesabika kwa vidole. Waliobaki huenda mpaka leo wanalala na simu chini ya mto.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Huo ulikuwa utaratibu wa meneja. Kila nafasi ilikuwa na mshindi, na nyuma ya mshindi mtu wa pili, ambaye faili lake lilibanwa klipu nyekundu na kutupwa droo ya chini. Mshindi akigeuka dakika za mwisho, wa pili yupo, hajui kitu, anasubiri. "Ukimwambia amekosa ataenda zake," meneja alizoea kusema. "Mwache aning'inie."

Safari hii klipu nyekundu ilikuwa kwenye faili la Mama Pacha. Mtu mzima, fundi wa mashine za kukatia, kiwanda chake cha zamani kilikuwa kimefungwa na miezi minane alikuwa yuko nyumbani tu. Siku ya usaili walimsimamisha mbele ya mashine ya sponji. Aliisikiliza kidogo, akasema mkanda umelegea. Wakafungua kutazama, na ulikuwa umelegea kweli. Hata hivyo meneja alimchagua kijana mmoja mwenye vyeti vingi, na Mama Pacha akaachwa gizani. Wiki tatu mfululizo alipiga simu kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, na kila siku alijibiwa kwamba bado wanashughulikia.

Jumatano alipiga saa tano.

"Shikamoo, mama," alisema Bibi Tutakupigia, maana sauti alishaijua.

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuchoshi. Nimepata kazi pengine, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Si fani yangu, lakini ni kazi. Wanataka jibu kabla ya saa sita, la sivyo wanampa mwingine. Niambie neno moja tu. Niwasubiri nyinyi, au nisiwasubiri?"

Bibi Tutakupigia alitazama ukuta wa mbao uliomtenga na meneja. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida yake.

"Subiri kidogo kwenye laini, mama."

Akaingia kwa meneja. Akauliza habari za yule kijana.

"Kashakubali kwa mdomo. Ijumaa anakuja kusaini."

"Basi yule mama wa klipu nyekundu nimwambie? Ana kazi nyingine mkononi, na mwisho ni saa sita leo hii."

Meneja hakuinua hata macho. "Umwambie nini? Hakuna kusema kitu mpaka Ijumaa. Ukinivurugia, na wewe utakwenda kungojea simu nyumbani kwako."

Akarudi mezani. Akashika mkono wa simu. "Bado tunashughulikia, mama," alisema, kwa sauti ya kumfikia meneja. Mama Pacha akashukuru na kukata.

Jamani! Dakika arobaini alikaa anaitazama saa ya ukutani. Alijaribu kupanga barua, akazipanga kichwa chini miguu juu. Unga wake ukimwagika, nani atamlipia mdogo wake shule? Na yule mama je, akikosa huku na kule, pacha wake watakula ahadi? Ilipotimu saa sita kasoro robo alipiga moyo konde, akasema kwa sauti anakwenda stoo kuhakiki mzigo, akatoka na simu yake mwenyewe kifuani.

Stoo ya sponji haina mwangwi. Ukisema neno mle ndani linanyonywa hapohapo, ndiyo maana wafanyakazi huenda kusengenyana huko. Alijipenyeza katikati ya mabunda mawili, akabonyeza namba.

"Mama, hukupata. Chukua ile kazi. Chukua sasa hivi!"

"Una uhakika, mwanangu?"

"Amechaguliwa mwingine. Na mimi sikukupigia, tafadhali."

"Nimekuelewa," alisema Mama Pacha.

Ijumaa kijana hakutokea. Saa nne kimya, saa sita kimya. Saa nane alituma ujumbe mfupi kwamba mwajiri wake wa sasa amempandisha cheo na anabaki hukohuko. Meneja alitoka chumbani kwake, akapiga meza ya karani kwa kiganja. Halafu akacheka, tena kwa raha, maana utaratibu wake ndio kwanza umepata kazi.

"Unaona faida ya klipu nyekundu? Mpigie yule mama. Weka spika."

Bibi Tutakupigia aliivuta simu karibu. Alibonyeza, akaomba Mungu simu isipokewe. Ikapokewa kwenye mlio wa pili. Nyuma ya sauti ya Mama Pacha kulisikika ngurumo ya mashine za kufulia.

"Hongera, mama!" alisema meneja. "Umepata kazi. Jumatatu uje."

"Kumbe ilikuwa yangu?" aliuliza Mama Pacha. Bibi Tutakupigia alijua swali lile anaulizwa nani. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi, aliwaza, mimi ndiye niliyemnyang'anya kazi yake kwa mdomo wangu.

"Sasa ni yako," alisema meneja.

"Nimeshasaini kwingine juzi."

Uso wa meneja ulibadilika. Akageuka polepole, akamtazama karani wake. "Nani alikwambia usitusubiri?"

Mashine zilinguruma. Bibi Tutakupigia aliisubiri hukumu yake akiwa amekodoa macho kwenye simu.

"Baba, nimewapigia simu wiki tatu," alisema Mama Pacha. "Kwenu hakuna aliyeniambia kitu. Mtu akikaa kimya siku zote hizo, na mimi nina watoto, ningejua vipi kwamba ananitaka? Kazi njema." Akakata.

Meneja alirudi chumbani kwake. Bibi Tutakupigia alikaa, machozi yanamlengalenga, ya uchungu au ya kuokoka hata mwenyewe hakujua. Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya unyonge, iliyomwomba radhi kwanza kwa usumbufu. Alifanya usaili wa udereva mwezi uliopita, alikuwa anaulizia tu.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Bibi Tutakupigia alivuta daftari la usaili, akalitafuta jina, akalikuta.

"Hukupata, kaka," alisema, wala hakushusha sauti. "Pole sana. Usitusubiri tena."

Nyuma ya ukuta wa mbao, kiti cha meneja kilisogea. Bibi Tutakupigia akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akaanza kuwapigia mmoja mmoja wote waliokuwa bado wanasubiri.