Viraka vya Mzee Ewesit

Mimi Rahab, Mama Njogu kwa majirani, nina duka mtaani Chechelesi, na mdomo wangu haujui kulala. Kaunti ilipoitisha kikao cha bajeti ya wadi, nilifunga duka nikaenda kupiga kelele kuhusu mabomba. Yalikuwa ya madini ya risasi, ya tangu enzi za mkoloni, na daktari alikuwa amemwambia jirani yangu Akidor kwamba sumu ya risasi imeingia kwenye damu ya binti yake, Ivy. Mtoto alikuwa mnyonge, hataki kula, hata maneno aliyokuwa amejifunza yalianza kumpotea. Tulibishana na waliotaka taa za barabarani mpaka tukawashinda.

Mabomba ya plastiki yakaja. Siku maji yalipofunguliwa tulipiga vigelegele, na Akidor akalia mbele ya watu bila haya.

Lakini yale ya zamani yaliachwa kando ya mtaro. Mkandarasi alilipwa kufukia mapya, si kubeba yaliyong'olewa. Baba yake Akidor, mzee Ewesit, kazi yake ni kuziba sufuria zilizotoboka. Alipoona madini laini yanayoyeyuka kwa moto wa makaa, tena ya bure, alimshukuru Mungu. Mtaa mzima tulimpelekea sufuria, bila kuuliza anazibia nini. Viraka vyake vilikaa vizuri hata kidole hakikuvihisi.

Miezi ikapita. Akidor alimpeleka Ivy kupimwa tena, akarudi moja kwa moja dukani kwangu.

"Mama Njogu, sumu imepanda."

"Imepanda aje, na bomba ni mpya?"

"Daktari ameniuliza tunapikia nini."

Nilikuwa nimebandika chai jikoni, kwenye sufuria yenye kiraka cha mzee; nikaiepua.

Mzee anampenda yule mjukuu kupita kiasi. Akidor akienda kazini, yeye ndiye humpikia uji. Basi Akidor alimweleza kwa Kiturkana, polepole, na mimi nikasimama mlangoni nikiwa nimechemka kwa hasira, sijui nimtukane nani. Mzee hakubisha. Aliuliza tu kama sufuria ya uji pia ni mbaya. Akidor akaitikia kwa kichwa, na yule mzee akaketi chini kwenye vumbi. Nilimhurumia.

Kikao kilichofuata alikuja, yeye ambaye hajawahi kuhudhuria hata kimoja. Akasimama mbele ya wote.

"Bomba mlitoa. Mimi nikaokota, nikarudisha kwa sufuria za watu. Ni mimi. Sasa naomba serikali inunulie watu sufuria zingine, na hiyo pesa ya maji."

Afisa wa kaunti alimjibu kwa upole. "Pole, mzee. Hiyo pesa ni ya kuondoa mabomba. Sufuria haziko kwa bajeti."

"Hizo sufuria ndio bomba," mzee akasema.

Dabasso, mwenye hoteli, aliinuka akatoka nje, nami nikaogopa. Yule ana watoto watano, na sufuria zake zote zilizibwa na Ewesit. Nilidhani amekwenda kutafuta rungu.

Alirudi amekumbatia sufuria yake kubwa ya pilau, akaitua kwenye meza ya afisa.

"Hii bomba bado iko," akasema. "Ng'oeni."

Kisha akaenda kuketi kando ya mzee Ewesit, akamshika mkono. Sisi wengine tukatoka mbio, kila mtu nyumbani kwake kuchukua sufuria.