Magoti ya Jinzi Mbichi

Muuzaji aliiweka suruali juu ya kaunta, ikasimama yenyewe bila kushikwa. Ilikuwa jinzi mbichi, yaani jinzi ambayo haijaonja maji tangu kitambaa chake kitoke kiwandani, na rangi yake ya nili ilikuwa imekolea hadi kukaribia weusi. Mchoraji ramani aliigusa, kisha akakiangalia kidole chake. Kilikuwa cha buluu.

"Usiifue, kaka," muuzaji akamwambia. "Nusu mwaka nzima, ivae tu. Itajikunja unapojikunja wewe, itapauka unapoisugua wewe. Mwisho wake hakuna mwenzako duniani mwenye kama hiyo."

"Na ikinuka?"

"Itakuwa inanuka wewe. Hilo nalo ni lako."

Mchoraji ramani alicheka, akalipa, akaondoka na mfuko mzito kuliko alivyotarajia. Ofisini kwao kila mtu alikuwa na jinzi mbichi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi walikusanyika kwenye meza kubwa ya kuchorea, wakasomana mapaja na mifuko kama watu wanaosoma gazeti. Msomaji wao mkuu alikuwa mchoraji mkongwe aliyeitwa Mkunjo. Yeye akikutazama suruali tu, alikuambia unavuka mguu upi ukikaa na simu unaiweka wapi. Mchoraji ramani alikuwa amechoka kusimama pembeni na suruali yake ya kitambaa, akichekea utani asioufahamu.

Nyumbani, shangazi yake aliigonga suruali kwa kidole, ikatoa mlio.

"Mwanangu, wamekuuzia nguo au wamekuuzia mlango?"

Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alimsomesha kwa kusugua korido za hospitali akiwa amepiga magoti, mpaka kijana akamaliza chuo na kupata kiti cha kuzunguka ofisini. Nguvu zilipoanza kumwishia, mpwa alimchukua akae kwake apumzike. Ndivyo alivyowaambia ndugu, na ndugu wakamsifu. Wiki ya kwanza shangazi alichukua ndoo na kitambaa akaanza kusugua sakafu, naye akamwambia, "Acha, shangazi." Wiki ya pili hakumwambia kitu. Baada ya muda, mama aliyekuwa akija kufanya usafi aliambiwa asije tena. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Lilijipanga lenyewe, kama mambo yenye faida kwetu yanavyojipanga.

Kisha wenzake wa ofisini walikuja kutazama mpira, na shangazi akawafungulia mlango, kitambaa mkononi. Mmoja akauliza huyu ni nani. "Mama anayenisaidia usafi," mchoraji ramani akajibu, haraka, kabla hajajua kwamba atajibu hivyo. Shangazi alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Alisikia, akaendelea kupangusa glasi. Hawakulizungumza.

Akaivaa jinzi yake. Kutwa alikaa kwenye kiti, akaenda kula, akarudi kwenye kiti. Kwa haki, suruali ilipaswa kupauka makalioni. Makalio yakabaki meusi kama siku ya dukani. Kilichoanza kupauka ni magoti. La kushoto lilitangulia, kisha la kulia, na kwenye la kulia vikajitokeza vistari vilivyokatana, sawasawa na viungio vya vigae vya jikoni. Juu ya mapaja vikatokea viganja viwili, pale mtu anapofutia mikono yenye maji. Mchoraji ramani aliweka kiganja chake juu ya kimoja, akakifunika chote, na vidole vikazidi.

Lile goti la kushoto lilipomaliza kupauka, lilionyesha kovu lililopinda. Alilijua. Shangazi alichomwa na msumari sakafuni mwa wodi, na yeye, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akimpaka dawa kila jioni huku akipuliza ili isimuume.

Aibu ikamshika. Siku moja alijifungia chumbani, akapiga magoti, akalisugua zulia mpaka jasho likamtoka, ili angalau kovu lichanganyike na alama yake mwenyewe. Halikuchanganyika. Angeweza kumwambia shangazi aache ile kazi, na wazo hilo alilifikiria sana, hasa akiwa ofisini. Akifika nyumbani akakuta sakafu inang'aa, wazo likampotea.

Nusu mwaka ilipotimia, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, alisimama mbele ya meza kubwa. Mkunjo akavaa miwani, akainama.

"Huyu si wewe," alisema.

Hakuna aliyeshtuka. Jinzi ya mkuu wa idara ilikuwa na umbo la funguo za dereva wake mfukoni, na mambo ya namna hiyo walikwisha kuyazoea.

"Ni mwanamke, mtu mzima. Anapiga magoti, na la kushoto linamuuma, lakini ndilo analoliegemea. Nani huyu?"

Neno lilimfika mchoraji ramani hadi kwenye meno. Lilikuwa neno moja tu, wala halikuwa gumu kutamka. Akawatazama wenzake, viatu vyao, saa zao, akalimeza.

"Ni mama anayenisaidia usafi."

"Ana magoti mazuri," Mkunjo akasema, na wote wakapiga makofi. Ikakubaliwa kwamba ndiyo jinzi iliyopauka vizuri kuliko zote tangu waanze.

Desturi yao ilikuwa kwamba jinzi nzuri hufuliwa mara ya kwanza nyumbani kwa mwenyewe, mbele ya wote, na mwenyewe ndiye anayefua. Jumapili mchana wakaja, wakapanga viti uani kulizunguka beseni. Maji baridi, suruali imegeuzwa ndani nje, hakuna sabuni. Mchoraji ramani akachuchumaa, akaitumbukiza. Jinzi ikaelea. Akaikandamiza kwa mikono miwili, na alipoachia, ikaibuka, kavu kama ilivyoingia.

"Haikujui," Mkunjo akamweleza kwa upole. "Usijisumbue. Mwite mama."

Akaenda jikoni. Shangazi alikuwa anakata malimau ya juisi ya wageni.

"Shangazi," akasema, kwa sauti ya chini isifike uani. "Njoo unisaidie kidogo."

"Mbona unanong'ona, mwanangu?"

Shangazi akafuta mikono mapajani, akatoka naye. Alipiga magoti kwenye saruji, akianza na la kushoto, akaigusa suruali kwa vidole viwili. Ikazama papo hapo. Aliigeuzageuza, akaupindua mguu mmoja kuangalia nje yake, akatulia.

"Magoti yangu haya," alisema, kama mtu aliyeona sufuria yake kwa jirani. "Na kovu langu hili."

"Ndiyo, mama," Mkunjo akasema. "Tumeyasifia sana. Umemfanyia kazi muda mrefu huyu bwana?"

Shangazi aliinua uso akamtazama mpwa wake, bila hasira, kwa ule mtazamo aliokuwa akimtazama nao zamani alipokuwa amevunja kitu, akimpa nafasi aseme mwenyewe. Alimpa nafasi ndefu. Mchoraji ramani akatazama maji. Uso ulimwaka moto, masikio yakamwaka, akatamani ardhi ipasuke imfunike yeye na beseni lake. Ardhi haikupasuka. Mtu mmoja akakohoa.

"Muda mrefu," shangazi akasema. "Bosi hana neno. Ni mtu mzuri."

Akaendelea kufua. Nili ikatoka, maji yakawa buluu, na buluu ikampanda mikononi hadi kwenye viwiko. Aliposuuza ikabaki palepale. Wageni waliona kuwa imempendeza. Waliaga jua likiwa bado lipo, na mmoja aliuliza kama mama anaweza kumsugulia na yeye jinzi yake mpya. Mchoraji ramani akasema atamuuliza.

Alifunga mlango, akaenda jikoni, akakaa kwenye kiti. Jinzi ilikuwa inadondosha maji kwenye kamba nje ya dirisha. Shangazi alikuwa anajaza ndoo.

"Shangazi."

Maji yaliendelea kuingia.

"Shangazi, nisamehe."

Akafunga bomba. "Wageni wamekwenda wote?"

"Wamekwenda. Tumebaki sisi tu."

"Basi nimalizie sakafu, bosi."

Mpwa alingoja acheke. Shangazi alikuwa mtu wa utani, na utani wake hakuuchelewesha. Alingoja, na shangazi akapiga magoti, akaizamisha mikono yake ya buluu ndooni, akakamua kitambaa, akaanza kwenye kona ya mlango. Alisugua kigae baada ya kigae. Alipofika kwenye kiti, mchoraji ramani aliinua miguu yake juu, ili apite.