Maelezo ya Mume Wangu

Mume wangu, askari polisi, alirudi kutoka kutuliza vurugu za mjini akiwa mzima wa viungo, nami kwa ujinga wangu nikashukuru mapema. Sasa ni wiki ya sita. Anakula, anaoga, anapiga buti rangi mpaka unaweza kujitazama. Lakini yule aliyekuwa akiniita "mkuu wa kituo" na kuninyang'anya mwiko aonje mboga, sijui alimwacha barabara gani. Mtoto wetu wa miezi minane akimnyooshea mikono, yeye hutoka nje kufua. Kota nzima ya polisi hakuna shati linalofuliwa kama la kwake.

Nilimkumbuka akiwa amekaa mbele yangu. Watu hulalamika kumkumbuka aliye mbali. Hao wana nafuu, angalau wanaweza kuandika barua.

Kila Jumatano mshauri nasaha, mama mmoja mpole, alikuja kwenye ukumbi wa kota kuzungumza na askari na wake zao. Akimuuliza askari anajisikiaje, askari anasimama wima: "Shwari, madam!"

"Kaa tu, baba. Hapa si gwaride."

Anakaa, amenyooka vile vile. Na sisi wake tukiulizwa, shwari. Ilivuma kwamba ukisema vingine jina la mumeo litapelekwa kwa wakubwa, atanyang'anywa silaha, na baada ya silaha ni nyumba. Kwa hiyo Jumatano tatu nami niliimba shwari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha kwa mikono miwili.

Jumatano ya nne nilisimama. "Wangu si shwari. Hambebi mwanawe."

Jirani yangu alinivuta gauni nikae. Mume wangu alitazama sakafu. Mshauri akasema, "Asante, dada. Jamani, mimi sina mkubwa ninayempelekea majina." Sijui ni wangapi walimwamini.

Tulipofika nyumbani akafunga mlango. "Umeniripoti."

"Ndiyo, nimekuripoti. Nimechoka kuolewa na buti. Namtaka mume wangu."

Nilidhani atakwenda kufua. Badala yake alichukua daftari, akalisukuma mbele yangu.

"Basi niandike maelezo. Kama kituoni. Ukilia, naacha."

Miaka kumi na mitano amekaa kaunta akiandika misiba ya watu kwa mtindo huo, na namna nyingine ya kusimulia hajui. Nikashika kalamu.

"Mimi ni askari, umri miaka thelathini na minane. Saa saba mchana tuliamriwa kuondoa watu barabara ya sokoni. Mama mmoja wa makamo alibaki akiokota nyanya zake. Nilimwamuru aondoke. Akasema, 'Namalizia, mwanangu.' Nikampiga rungu la bega. Alianguka. Hakupiga kelele, alinitazama tu. Nikasonga mbele na wenzangu. Sijui kama aliinuka."

Mtoto alikuwa akitambaa chini ya meza.

"Ongeza," akasema. "Mkono ni wa kulia. Ndio huo ninaombwa kumbebea mtoto."

Niliuma mdomo nisilie. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya yule mama, na nilikuwa nampenda, yote mawili kwa pamoja. Lakini aliyetoa maelezo lazima asomewe, basi nikayasoma, neno kwa neno, naye akaitikia kila sentensi, "Sahihi."

"Kuna swali la mwisho," akanikumbusha. "Huwa tunamuuliza kila anayekuja."

"Lipi?"

"Anaomba asaidiwe nini."

Nikamuuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, sebuleni kwake, goti lake limegusa langu. Akaliinamia daftari, kama mtu anayeogopa kuomba kingi.

"Naomba kurudi nyumbani," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo, nikampa kalamu atie sahihi.