Sanduku la Mkate

"Kuna nini humo ndani, mama?" mlinzi wa baraza la rufaa aliniuliza, akilitazama sanduku la bati nililokuwa nimelipakata.

"Barua."

"Za nani?"

"Zangu. Bado sijazisoma."

Aliinua kifuniko, akachungulia, kisha akakirudisha taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenzake ndani. Akanionyesha kiti. Nilikaa nikiwa nimevaa koti langu la buluu la kanisani na kipini cha marehemu mama kifuani. Nywele nilikuwa nimezitengeneza jana yake. Nilikuwa nimependeza, na kule kupendeza ndiko kulikonifikisha pale.

Miezi minane kabla ya hapo niliitwa kwenye ofisi iliyokuwa juu ya duka la mazulia, hapa hapa Burnley, kaskazini mwa Uingereza. Serikali ilikuwa imekodi kampuni ya kuwapima watu kama wanaumwa kweli au wanajidai. Mimi nilikuwa mpishi wa shule, saa kumi na tano kwa wiki, na mshahara huo ulijaziwa na posho ya ugonjwa, kwa sababu daktari wangu alikuwa ameandika kwamba nina sonona na hofu, na kwamba saa zaidi ya hizo zingenivunja. Aliyenipima alikuwa kijana mmoja, Damien, mwenye nywele za mafuta na mkufu wa kitambulisho shingoni. Hakuniangalia. Aliiangalia kompyuta yake.

"Hujambo leo, Noreen?"

"Siyo vibaya, mpenzi, asante. Na wewe?"

Kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Mchungaji alimuuliza mama yangu hivyo saa moja kabla hajakata roho, na mama akasema siyo vibaya, karibu chai. Damien hakuwa na mama wa namna hiyo, au kama alikuwa naye hakuwahi kumsikiliza. Nilisikia vidole vyake vikigonga: ta, ta, ta. Alikuwa anaandika kwamba siumwi.

"Umewahi kufikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Na ni nini kinachokuzuia?"

Aliuliza kama anayeuliza kwa nini sikupanda basi la saa nne. Nilimtazama yule mtoto, na Mungu anisamehe, nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau kiumbe yeyote mwenye pumzi.

"Mungu," nikamwambia. "Na watoto mia moja na themanini wanaotaka pai ya viazi Alhamisi."

Akaandika na hilo.

Barua ya majibu ilipofika niliiweka mahali pa barua zote, ndani ya sanduku la mkate. Mkate wenyewe ulikuwa umehamia kwenye oveni miaka mitatu iliyopita. Gesi, kodi ya nyumba, duka la nguo za mkopo, halmashauri: wote nilikuwa nimewafungia humo, na kila Jumapili niliwaombea waliomo bila kuwataja majina.

Aliyeyafichua yote ni Pauline, dereva wa basi mstaafu tuliyekuwa tukisoma naye hesabu kwenye darasa la jioni. Sisi wawili ndio tuliokuwa wazee kuliko mwalimu. Alikuja kwangu tufanye sehemu na desimali, akataka mkate wa kubanika, akafungua sanduku mwenyewe.

"Noreen! Hili ni sanduku la mkate au posta?"

Alivuta kiti, akachana bahasha moja baada ya nyingine, akasoma kwa sauti ileile aliyotumia kuwafukuza walevi kwenye basi lake. Ya Damien ilisema: *Nadhifu. Nywele zimechanwa. Alijibu salamu kwa uchangamfu. Ameajiriwa.* Alama za ugonjwa: sufuri. Posho imekatwa. Ya mwenye nyumba ilisema nisipolipa kodi ya nyuma, nitatoka kabla ya Krismasi. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimebaki tatu.

Pauline akajaza fomu palepale, juu ya daftari la desimali. Kisha akaninyooshea kidole.

"Sasa sikiliza, shoga. Siku ya rufaa usioge. Siku nne kabla, maji yasikuguse. Vaa lile gauni la kulalia lenye doa la chai. Wakikuuliza hujambo, lia."

"Nilie?"

"Lia mpaka kamasi! Shemeji yangu alikwenda ananuka kama mbwa wa mtoni, akapewa yote. Shangazi alikwenda na blauzi iliyopigwa pasi, wakamwambia akatafute kazi. Ana miaka sitini na mbili na mguu wa bandia!"

Niliomba juu ya jambo hilo wiki nzima. Mungu hakusema neno, lakini koti la buluu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na asubuhi ya siku yenyewe nilioga.

Walikuwa watatu nyuma ya meza: jaji mwanamke, daktari mzee, na bwana mmoja aliyekula peremende muda wote. Daktari alinitazama kipini.

"Umependeza sana, Bi. Ashworth, kwa mtu anayesema hawezi kujimudu."

"Mama yangu hakuwahi kuingia ofisi ya mtu akiwa mchafu," nikasema. "Siwezi kuoga kwa ajili ya Mungu Jumapili, halafu nikanuka kwa ajili yenu Jumanne."

Bwana wa peremende akaacha kutafuna. Nikaweka sanduku mezani, nikafungua kifuniko. Pauline alikuwa amesoma zile za juu tu. Chini yake zilibaki zaidi ya mia, hazijachanwa.

"Kazi unaiwezaje?" daktari akauliza, safari hii kwa upole.

"Kazini hakuna bahasha, daktari. Kuna viazi. Kiazi hakikutishi."

Jaji alichukua bahasha moja, akanisogezea. "Tafadhali, fungua hii."

Mikono hii imebeba sinia za pai za moto kwa miaka kumi na tisa na haijaangusha hata moja. Bahasha ilianguka. Niliiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu sikuiona. Niliona koti langu la buluu likiloa kwapani, na jasho likinidondoka kidevuni mpaka kwenye kipini cha mama. Nilikataa kuja kwao na gauni la doa, na sasa walikuwa wananitazama uchi.

"Inatosha," jaji akasema. "Inatosha, mama."

Nilipokuwa nikitoka, karani akaniambia, bila hata kuona haya, "Majibu utaletewa kwa barua."

Yalifika Ijumaa. Bahasha ya kahawia, yenye kidirisha. Nikaiweka kwenye sanduku, nikafunga kifuniko. Pauline alikuwa kwa binti yake Blackpool. Kwa siku kumi na moja nilikaa na ushindi wangu jikoni, hatua mbili kutoka kwenye birika, nikiamini nimefukuzwa kwenye nyumba yangu. Nilianza hata kufunga vyombo kwenye magazeti. Pauline aliporudi aliichana akiwa bado na koti mwilini, akapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Posho ilirudi, na ya nyuma ikatosha kumnyamazisha mwenye nyumba. Mkate umebaki kwenye oveni.

Damien ninamwombea kila Jumapili, kwa kuwa Biblia imeniamuru. Nasema: Bwana, mjalie afya, mjalie nywele zilizochanwa. Na siku atakapolemewa, aje mtu amuulize hujambo, naye ajibu kwa adabu, na asikie vidole vikigonga.