Bata wa Kejhalov Hakimbii

Kejhalov hakuna ngome, hakuna mto wa maana, wala hakujazaliwa mtu maarufu. Kuna mabata bukini. Zamani mabata hao walimtimua mtoza ushuru mpaka akapotelea msituni, basi kijiji kilipoidhinishiwa bendera yake kikamchagua bata mweupe kwenye kijani kitupu, shingo mbele, mdomo wazi, akiuelekea mlingoti. Kwenye bendera, mlingoti ndiko mbele. Mnyama akiupa mgongo, anatoroka.

Bohunka, fundi cherehani, alimshona bata huyo miezi miwili, unyoya kwa unyoya. Jumapili saa tatu, saa moja kabla ya padri kuibariki bendera, mwenyekiti Ctibor akaja kuichukua. Akaitandaza mezani, akajikuna kisogo.

“Mama Bohunka, huyu bata anakwenda wapi?”

“Kumfukuza mtoza ushuru.”

“Mlingoti huku, yeye kule? Huyu ndiye anayefukuzwa!”

Bohunka aliinama akaukagua mshono. Alikuwa amemchora bata nyuma ya kitambaa. Kitambaa kilipogeuzwa, bata naye akageuka. Na nje walishafika wageni wa Strž, kijiji jirani, pamoja na mwenyekiti wao Radim, mwenye ulimi wa kumcheka mtu mpaka kaburini. Nani angempa tena Bohunka hata suruali ya kupunguza?

“Tuahirishe,” Ctibor alinong'ona. “Nitasema padri anaumwa.”

“Padri yuko uani anakula keki zako za plamu. Hiyo ya nne.”

Bohunka akaizunguka meza, akainamisha kichwa, akazunguka tena. Mara akadaka mkasi.

“Usimchinje bata wetu!”

“Nani kamgusa bata, we mwanaume? Nahamisha mlingoti!”

Akafumua pindo la kupitishia mlingoti, akalishona kwenye ncha ya pili. Kengele ya kanisa ilipogonga saa nne, alikuwa anakata uzi kwa meno.

Bendera ikapanda, upepo ukaikunjua, bata akaukabili mlingoti kama anaudai. Watu wakashangilia. Radim akakodoa macho muda mrefu akitafuta kasoro, asipate.

“Nani kaishona?” akauliza, kwa sauti ya chini. “Dubu wa bendera yetu kachakaa, siku hizi anafanana na kondoo.”

“Mimi,” Bohunka akasema. “Mlete tu, baba. Ila uniambie mapema: anakuja au anaondoka?”