Njia Mpya ya Kuujenga Mkufu

Seabelo hakutaka kulisema jambo lile kwa simu. Jumamosi aliendesha gari kutoka Palapye hadi Serowe, akamkuta Gaolathe, mfamasia, anakula seswaa, nyama ya kupondwa, kibarazani.

"Umekonda," Gaolathe akamwambia. "Hiyo programu yako haikupikii?"

Kilichowaunganisha ni mchezo mmoja: ubao wa miraba kwenye kompyuta, ambapo kila mraba huishi au hufa kutegemea majirani zake. Maumbo madogo, vitelezi, hutambaa humo. Yakigongana vizuri huzaa umbo jipya. Programu ya Seabelo ilikusanya njia zote za kujenga kila umbo, na jina la mgunduzi. Umbo waliloliita Mkufu lilikuwa na njia moja tu, ya Gaolathe. Aliitafuta kwa miaka, hata mkewe Mmaphefo alipougua, akiwa na kompyuta magotini kando ya kitanda.

"Rra," Seabelo akaanza kwa heshima, "programu imeujenga Mkufu. Tena kwa nusu ya vitelezi vyako."

Gaolathe akasukuma sahani. "Nani kaifundisha?"

"Hakuna. Niliiacha iunganishe vipande vya njia za zamani."

"Na jina langu?"

"Limeondoka. Programu inaonyesha njia fupi zaidi peke yake."

Gaolathe akafuta mikono. "Basi nionyeshe. Huwezi kunitangazia msiba ukanificha maiti."

Seabelo akafungua kompyuta yake. Vitelezi vikaja kutoka pembeni, vikagongana, Mkufu ukasimama. Gaolathe akataka arudishiwe nyuma, polepole. Mara akaweka kidole kwenye kioo.

"Huu mgongano naujua. Niliutupa."

"Uliniletea ukasema ni takataka. Mimi nikauingiza."

"Mmaphefo ndiye aliyeuona." Sauti yake ilishuka. "Alikuwa amelala, akaniambia, hebu kigeuze hicho kitelezi. Nikageuza ili nimfurahishe tu. Wiki ileile tukamzika."

Seabelo akafungua ukurasa wa Mkufu. Penye jina la mgunduzi, programu ilikuwa imejiandika yenyewe. Akafuta.

"Tuandikeje?"

"Mmaphefo kwanza. Programu baadaye."

"Na wewe?"

"Mimi si nilisema ni takataka?"

Seabelo akaandika hivyo. Kisha, bila kuomba ruhusa, akairudisha chini yake ile njia ndefu, na jina la rafiki yake. Gaolathe aliona. Aliomba tu auone tena Mkufu ukijengeka, tangu mwanzo.