Pigo Fupi la Aslaug

Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, sisi watu tisa tunaounda programu ya kutengenezea muziki pale Oslo hupika vaffel, vile vikate bapa vyenye vishimo, tukazila na jibini ya kahawia, kisha tukagombana. Hiyo ndiyo siku ya maombi. Wateja huomba mwaka mzima, nami Gunnvor, ninayejibu barua zao, huyabandika maombi yao ukutani. Kura zikipigwa, ombi moja tu hushinda na kujengwa majira ya baridi. Lililoshindwa mara tatu hutupwa moja kwa moja.

Na watu wanajua kuomba, jamani! Mmoja anataka kitufe cha kummalizia wimbo uliomshinda. Mwingine anataka programu imsifie kila baada ya saa moja. Mimi nilikuwa na langu moja, limeshindwa mara mbili, na mwaka huo niliapa: ama lipite, ama niwaachie kazi yao.

Lilikuwa ombi la Aslaug Rudi, mpiga fidla wa bonde la Valdres, huko milimani. Alitaka kurekodi springar, ngoma yao ya kucheza wawili wawili, aitie besi nzito ili vijana wa kwao waache kuikimbia. Sasa, springar ina mapigo matatu, na kule Valdres pigo la kwanza ni fupi kuliko wenzake. Programu yetu ilijua mapigo yanayolingana tu. Ukiipa springar, fidla inakwenda huku na besi inakwenda kule.

Mwaka wa kwanza Jostein, fundi wetu mkuu, alimwonea huruma. Wikendi nzima, maskini, aliunyoosha wimbo wa Aslaug mpaka kila pigo likalingana na jirani yake, akamrudishia kama zawadi. Jibu lilikuja fupi: "Asante. Umeuua." Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Jostein alininunia wiki mbili.

Kwa hiyo safari hii ya tatu nilimwalika Aslaug mwenyewe, bila kumwambia mtu. Kwetu hata kubadilisha kahawa kunahitaji kikao, basi nilijua nitasemwa. Alisafiri kwa basi kwa muda wa saa tatu nzima, akaingia na fidla mgongoni tukiwa tunatafuna.

"Nani huyu?" aliuliza Sverre, bosi wetu.

"Ni ombi," nikasema. "Limechoka kubandikwa."

"Gunnvor, una visa wewe!" Jostein akaweka uma chini. "Dada, karibu sana, lakini tusidanganyane. Tuna wateja elfu arobaini. Hao wachezaji wenu si wanaenea kwenye basi moja tu?"

"Wanaenea," Aslaug akasema, "ila wakianza kucheza, basi halitafika Oslo."

Meza nzima ikacheka. Nikaufungulia ule wimbo ulionyooshwa kwenye spika, nikamgeukia bosi.

"Sverre, mama yako mtu wa wapi?"

"Valdres. Kwani vipi?"

"Inuka tucheze."

Hatua ya tatu akanikanyaga. Tukaanza upya, akanikanyaga tena, palepale.

"Si mimi!" akasema, uso umemwiva. "Huu wimbo umekakamaa, kama umefungwa ubao mgongoni."

Nikazima spika. Aslaug akaishika fidla, akaanza ileile springar kwa mkono wake, mguu ukigonga sakafu. Loo! Mwanaume aliyenikanyaga mara mbili alinizungusha mpaka viti vikasogezwa. Nilikuwa na furaha ya kupiga kelele, na nilizipiga. Wenzetu wakagonga meza. Jostein peke yake hakututazama. Alikuwa akiutazama mguu wa Aslaug.

"Hilo pigo la kwanza ni fupi kwa kiasi gani?" aliuliza tuliponyamaza. "Nipe namba."

"Sina namba. Inategemea anayecheza. Huyu bosi wenu mzito, nimemwongezea kidogo asianguke."

Watu wakaangua kicheko, moyo wangu ukaanguka. Kitu kisicho na namba utakiandikiaje programu? Nikajua ombi limekufa mara ya tatu, na mimi ndiye niliyelisafirisha kwa basi kuja kufa.

Jostein akachukua maikrofoni, akapiga magoti, akailaza sakafuni kando ya kiatu cha Aslaug.

"Miaka mitatu naufundisha mguu wako kuhesabu," akasema. "Kumbe mwanafunzi ni programu."

Akavuta kompyuta, akaandika kama aliyeshikwa na homa. Nusu saa hakuna aliyethubutu kuondoka. Kisha akasema, "Gonga."

Aslaug akagonga, besi ikaitika. Akaharakisha, ikaharakisha naye, akachelewesha, ikamsubiri. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya mapigo ilishuka mmoja mmoja, miwili ikikaribiana, wa tatu ukijitenga, hakuna hata mmoja ulionyooshwa. Aslaug akaongeza fidla juu yake, na Jostein, mtu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, akapiga ukelele: "Inamfuata! Inamfuata!"

"Kura bado," Sverre akakumbusha, huku anahema. "Tufuate utaratibu. Wanaolikubali ombi la Aslaug?"

Ikapanda mikono minane. Wa tisa ulikuwa kwenye kibodi, unajenga.